Shule ikifungwa, unalala wapi?

Majibu yalikuja tarehe 10 Machi 2022, siku ambayo shule nyingi za bweni za Marekani hutoa majibu kwa pamoja. Kwetu Tanga ilikuwa usiku, mama bado yuko kwenye cherehani anamalizia sare za watoto wa watu. Nilimsomea barua mara mbili, maana mara ya kwanza alisikia "ufadhili kamili" akaanza kulia, yaliyofuata hakuyasikia.

Ufadhili wenyewe haukuwa wa uongo. Shule yangu iko magharibi mwa Massachusetts, na shule nyingi za aina ile siku hizi zinapita dola 70,000 kwa mwaka, ada pamoja na bweni na chakula. Mfuko wa shule ulilipa hayo yote, ukaongeza bima ya afya, vitabu na tiketi moja ya kwenda na kurudi kila mwaka. Sisi tulibakiwa na dola 350 za SEVIS, yaani daftari la serikali ya Marekani la wanafunzi wa kigeni, na 160 za viza, ambazo mjomba alizipata kwa njia anazozijua mwenyewe, na nauli ya basi kwenda Dar kwenye usaili wa ubalozi. Pale dirishani niliulizwa nani anakulipia, utasoma nini, utarudi lini. Nilikuwa nimejiandaa wiki tatu kwa dakika nne.

Swali ambalo hakuna aliyeniuliza, wala sisi hatukumuuliza mtu, ni hili: shule ikifungwa, mtoto atalala wapi?

Mtu aliyesoma bweni kwetu hawezi kulifikiria swali hilo. Likizo ikifika unafunga tranka, unapanda basi, jioni uko nyumbani. Kule shule hufungwa mara tatu kabla ya ile likizo ndefu ya kiangazi. Yetu ilifunga wiki nzima ya Sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba, wiki mbili na nusu za Krismasi, na wiki mbili nyingine Machi. Ikifungwa imefungwa kweli: kadi ya mlango inazimwa, bwalo halipiki, na walimu wanaoishi bwenini nao wanakwenda kwao. Na ile tiketi yangu moja ilikuwa ya Juni.

Katikati ya Oktoba ilikuja fomu kwenye barua pepe. "Utakuwa wapi wakati wa mapumziko?" Nikaandika kwa imani kabisa: bwenini. Jioni ile mlezi wa bweni aliniita sebuleni kwake, akaniwekea chai isiyo na maziwa, akanieleza taratibu kama mtu anayetoa habari za msiba.

Novemba nilivuka kirahisi. Mwenzangu wa chumba alikuwa wa Connecticut, mama yake akasema niende naye. Kazi ikawa kibali. Shule ilitaka mzazi wangu azungumze na mshauri wangu kwa simu, maana mwenyeji akishapatikana ni lazima mzazi akubali mwenyewe. Mama akaniambia, "Nitapiga saa mbili usiku, nikishaswali isha." Nikamwandikia mshauri: saa 2. Saa mbili ya usiku Tanga, baada ya Wamarekani kurudisha saa zao nyuma mwanzoni mwa Novemba, ni saa sita mchana Massachusetts. Mama alipiga simu mshauri akiwa bwaloni. Saa nane mchana, ambayo kwake ndiyo mbili, mshauri alikaa na simu mezani akisubiri, na Tanga ilikuwa saa nne usiku, mama yuko kwenye usingizi wa pili. Walipishana hivyo siku mbili kabla sijagundua kosa ni langu. Tangu hapo kila miadi naiandika kwa saa za pande zote mbili, na usiku au mchana wake.

Connecticut walinipokea vizuri mno. Mama wa nyumba alikuwa ameuliza mapema nisichokula, nikamwandikia "nguruwe" nikaishia hapo. Sikujua kwamba bata mzinga hupikwa na mkate uliokatwakatwa na kuungwa viungo, na kwamba bibi wa nyumba ile huuchanganya na soseji. Nilikuwa nimeshajaza sahani. Mwenzangu akaniangalia, akaangalia sahani, akaivuta kwake bila kusema neno, akanisukumia yake yenye viazi vya kuponda na maharage mabichi. Nyama yenyewe sikuigusa, sikujua imechinjwaje, nikasema nimeshiba safari. Ningeandika mistari miwili zaidi kwenye ule ujumbe ningemwondolea yule bibi fadhaa.

Ila wiki si sawa na wiki mbili na nusu. Krismasi mwenzangu na familia yake walikuwa wanasafiri. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilikuwa na orodha ya familia zinazopokea wanafunzi kwa malipo ya kila siku. Nikapiga hesabu, nikafunga ukurasa. Kufanya kazi nje ya shule nipate hela viza ya mwanafunzi, F-1, hairuhusu. Kukata tiketi ya Desemba, hata sikumwambia mama bei yake.

Kilichoniokoa ni friji ya duka. Jumamosi gari la shule lilikuwa likitupeleka madukani, na siku moja niliomba kushushwa Springfield kwenye duka moja la vyakula vya Kiafrika, nina hamu ya dagaa. Kwenye friji la chini nikakuta mama mmoja anagombana na pakiti ya kisamvu kilichogandishwa, anakiita sombe, analalamika kwa Kiswahili kuwa bei imepanda tena. Nikasema, "Shikamoo mama." Akageuka kama mtu aliyeguswa bega gizani. "Marahaba! Weye ni wa wapi?"

Alikuwa Mkongo wa Uvira. Lakini marahaba ile aliipata Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Kasulu, Kigoma, alikokaa miaka kumi na minane kabla ya kuletwa Marekani. "Batoto yangu yote bamezaliwa kwenu," akaniambia. Nilipomweleza habari ya shule kufungwa alicheka kwanza, halafu akakasirika kwa niaba yangu. Shule gani inafukuza mtoto kwenye theluji? "Unakuya kwetu," akasema, na kwake ilikuwa imekwisha.

Kwa shule ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Mwenyeji awe na miaka 25 au zaidi, atoe anwani, aandike barua, aahidi kuwepo nyumbani usiku. Kiingereza cha yule mama kilikuwa cha kazini, na mimi sikuruhusiwa kutafsiri kwa kuwa mimi ndiye muombaji. Wakaleta mkalimani wa simu. Jumamosi nyingine niko jikoni kwake, simu iko juu ya meza imefunguliwa sauti, na mkalimani anazungumza Kiswahili kilichopigwa pasi:

"Je, makazi yako yana kigunduzi cha moshi?"

Mama akanitazama. "Anasema nini?"

Nikamnong'oneza: kile kinacholia ukikaanga samaki.

"Eeh! Kiko! Kinalia kila siku!"

Mshauri wangu alikuwa upande wa pili wa simu, na baada ya tafsiri kufika nilimsikia akicheka. Kibali kilitoka Jumatatu.

Nililala chumba kimoja na mabinti zake wawili, mmoja wa miaka kumi na mmoja, mwingine saba. Siku ya kwanza yule mdogo akaniita "yaya". Nilinyamaza lakini iliniuma. Nimevuka bahari kusoma, mtoto ananiona msaidizi wa kazi? Siku ya pili nikamsikia akimwita hivyo dada yake mkubwa, na dada yake mkubwa akimwita hivyo kaka yao. Kumbe kwao yaya ni mkubwa wako wa tumbo moja. Nilipowaeleza maana yake Tanga walicheka hadi wakaanguka kitandani, halafu wakanituma maji.

Tulikula bukari, ambao ni ugali wetu, kwa sombe na ndagala, dagaa wetu. Wao ni walokole, walikwenda kanisani mkesha wa Krismasi nikabaki na mtoto aliyekuwa na homa. Asubuhi nikiamka kuswali nilikuta mkeka umetandikwa kwenye kona iliyo mbali na mlango. Sikumuomba mtu.

Jioni moja yule kaka yao, kijana wa miaka kumi na sita, aliniuliza Tanga ikoje. Nikaanza kumweleza bandari, Ngamiani, barabara zenye namba. Akasema amezaliwa Tanzania, ameishi Tanzania miaka kumi na miwili, na hajawahi kuona bahari yake. Kutoka kambini ni kwa kibali. Alikuwa anaimba wimbo wa taifa wetu beti zote, shule ya kambini ndiko alikojifunza, sijui kwa nini. Mimi nilikuwa na pasipoti ya nchi aliyozaliwa yeye, nimekaa kwenye kochi la kwao kwa sababu sina pa kwenda. Sikupata la kumjibu. Akabadili habari, akaniuliza kama kweli shuleni kwetu tunasoma na Jumamosi. Ni kweli, baadhi ya Jumamosi tunasoma.

Machi nilirudi kwao, na Novemba iliyofuata, na Krismasi. Mambo mengine yakajipanga. Kalenda ya shule hutoka wakati wa kiangazi, kwa hiyo nilikuwa naandika tarehe zote za kufungwa Agosti, kabla sijapanda ndege, na kuomba vibali vyote Septemba wakati ofisi haijalemewa. Juni nilijifunza kwa jasho kwamba I-20, karatasi ya shule inayoendana na viza ya mwanafunzi, haiwekwi kwenye boksi la stoo. Bila ile karatasi, yenye saini ya kusafiria isiyozidi mwaka mmoja, huwezi kurudi Marekani, na yangu nilikuwa nimeifunga vizuri kwenye boksi la mablanketi, chini ya maboksi ya wenzangu tisa. Mlinzi wa jengo alinisaidia kuyashusha, gari la uwanja wa ndege la Boston linapiga honi nje.

Watu wananiandikia sasa kuniuliza mtihani wa SSAT, ule wa kuombea shule hizi, ukoje, insha iandikwe vipi. Nawajibu. Lakini swali ninalowarudishia ni lile la kwetu: kabla hujasema ndiyo kwa shule, waulize bweni linafungwa siku ngapi kwa mwaka, na waliopita kutoka mbali kama wewe walilala wapi. Wakikujibu "tutaona", wewe anza kuona mapema.

Fomu ya mwisho niliijaza Septemba 2024, haikuchukua dakika mbili. Kwenye kisanduku cha uhusiano na mwenyeji, ambacho miaka miwili nilikuwa naandika "rafiki wa familia", safari hii niliandika "mama mdogo", yaani "aunt" kwa Kiingereza chao. Kesho yake ofisi ikairudisha: kumbukumbu zao zinaonyesha sina ndugu Marekani, nifafanue. Nikafuta, nikaandika rafiki wa familia. Halafu nikampigia mama mdogo simu kumwambia kibali kinatoka wiki ijayo, asisahau kununua betri ya kile kinacholia.