Ukikandamiza gesi ya kahawia: NO₂ na N₂O₄

Ndani ya bomba la sindano lililozibwa, gesi mbili hugeukana kwa msawazo, yaani pande zote mbili kwa kasi ileile: 2NO₂ ⇌ N₂O₄. NO₂ ni ya kahawia, N₂O₄ haina rangi. (Ni sumu, fanyia kwenye kabati lenye feni ya kutoa hewa.)

Sukuma pistoni haraka, ujazo ubaki nusu. Rangi hukolea papo hapo, kisha hufifia kidogo. Wengi hukosea hapa: hairudi ilivyokuwa mwanzo, hubaki imekolea zaidi.

Kwa nini? Ukolezi wa zote mbili umeongezeka maradufu, lakini kwenye uwiano wa ukolezi, [N₂O₄]/[NO₂]², chini kumekuwa mara 4, juu mara 2. Uwiano umeshuka hadi nusu ya K (thamani ya uwiano huu kwenye msawazo), hivyo N₂O₄ zaidi hutengenezwa. K yenyewe haibadiliki, mradi jotoridi ni lilelile.

Ukiongeza agoni (gesi isiyoshiriki mmenyuko) bila kubadili ujazo, mgandamizo hupanda lakini msawazo hausogei.