Siku moja maishani mwangu: mimi ndiye ninayetandika kitanda chako cha kisiwani

Saa 10:15 alfajiri simu inanitikisa chini ya mto. Kabla hata ya mswaki nashika kopo la mafuta ya mgando, najipaka nyayo, visigino na katikati ya vidole. Chumvi ya bahari hupasua ngozi, na miguu yangu huingia majini mara mbili kila siku ya kazi, kwenda na kurudi.

Saa 11:15 tuko ufukweni upande wetu, watu 19, tunasubiri boti ya wafanyakazi wa hoteli. Mwezi mpevu ulikuwa juzi, kwa hiyo sasa ni bamvua: maji yakijaa yanajaa hasa, na yakipwa yanakwenda mbali. Asubuhi hii yanapwa, na boti haiwezi kusogea karibu na ufukwe. Tunavua viatu, tunapandisha nguo, mikoba kichwani, tunaifuata kule iliko. Maji yanafika mapajani. Chini kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, kwa hiyo hatunyanyui miguu, tunaiburuza polepole juu ya mchanga. Mgeni huletwa mchana maji yakiwa yamejaa, anashuka gatini na kofia yake kichwani, anapewa kitambaa baridi cha kujifutia uso. Wengi wao hawajui kwamba kisiwa hichohicho kina mlango mwingine wa nyuma, na kwamba huo hufunguliwa gizani.

Saa 12:30 nimeshavaa sare, tumeshakaa kikao, nimeshapewa karatasi yangu: vyumba 11, vitano wageni wanatoka, sita wanaendelea kukaa.

Naomba nieleze hesabu ya karatasi hiyo, kwa sababu watu wakisikia nafanya kazi kwenye hoteli ya ufukweni husema, "Ah, dada, wewe uko peponi." Mgeni anayeondoka anatakiwa kuacha chumba saa 4 asubuhi. Mpya anaingia saa 8 mchana. Katikati pana dakika 240. Chumba cha mgeni aliyeondoka, ukikifanya kwa haki, hakipungui dakika 45, na mimi ninavyo vitano. Zidisha mwenyewe: dakika 225. Zinazobaki 15 ndizo za kusukuma kitoroli mchangani, kunywa maji, kwenda msalani, na kumjibu mgeni yeyote atakayenisimamisha njiani. Hesabu hii inakubali pale tu ambapo hakuna mtu anayechelewa kutoka na hakuna anayelalamika. Sijawahi kuiona siku hiyo.

Kuanzia saa 2 wageni wanakwenda kunywa chai, nami naingia kwenye vyumba vya wanaokaa. Nagonga mara tatu, najitambulisha, nasubiri, nagonga tena. Vyumba vitatu vinakwisha bila neno. Kati ya hivyo, kimoja walilala na kiyoyozi kikiwa kwenye baridi kali huku mlango wa baraza uko wazi, wasikie mawimbi. Ni raha, nawaelewa, lakini hewa ya bahari imebeba maji, ikikutana na baridi ile hugeuka matone. Dari lilikuwa linatoka jasho na ndani ya kabati ukungu umeanza kupanda kwenye mkoba wa ngozi. Nafungua, nakausha, napangusa kwa siki, naacha kabati wazi. Katika kingine droo ilikuwa inakwaruza yenyewe. Nikaivuta taratibu: magamba saba ya konokono wa baharini, yamefungwa vizuri kwenye soksi, na mawili yanatembea. Ndani mna kaa, wale wanaohamia kwenye magamba matupu. Wakiachwa humo wanakufa, na harufu yake hakuna marashi yanayoifunika. Niliandika karatasi ya heshima kwa mgeni, nikamwachia yale matano matupu juu ya meza, na wawili nikawashusha ufukweni mwenyewe. Hiyo sikupewa dakika kwenye karatasi.

Mchanga nao ni elimu. Mchanga mweupe wa visiwa vya matumbawe, mara nyingi sehemu yake kubwa imepita tumboni mwa pono. Pono yuleyule wa usingizi wa pono, akiamka hutafuna matumbawe siku nzima na kuyatoa yakiwa unga. Unga huo unapendeza kwenye picha, lakini ndani ya chumba unaingia kwenye kila upenyo. Kosa la wanaoanza kazi ni kumwaga maji ya kudeki haraka. Mchanga ukilowa unakwaruza sakafu na unaziba bomba la bafu. Unaufagia mkavu kwanza, ufagio laini, kutoka pembeni kuja katikati, halafu ndipo udeki, ukirudi kinyumenyume hadi mlangoni usiache hata unyayo wako.

Saa 4:20, niko njiani kuelekea chumba cha kwanza cha waliotoka, mgeni wa chumba cha 14 akanisimamisha.

Alikuwa ameshika shati. Shati jeupe la kitani, zuri kwa kweli. Alilituma kwa dobi jana, likarudi limepigwa pasi, limefungwa kwenye karatasi. Alipolifungua, ukosi wote na chini ya makwapa vilikuwa na rangi ya chungwa, kama vile mtu amelifungia msumari wenye kutu. Akaniuliza tumelifua kwa maji gani. Nikasema samahani, nitalipeleka kwa msimamizi. Akasema hataki msimamizi, anataka mtu anayejua. Akaniambia ni shati la usiku huu, yeye na mkewe wanatimiza miaka 20 ya ndoa, meza imeshawekwa ufukweni. Akasema tumeliharibu na tutalilipa. Akatoa simu akapiga picha shati, akapiga picha kitoroli changu, akapiga picha taulo nilizopanga, akifunuafunua moja baada ya nyingine atafute doa. Kila taulo aliyoifunua hairudi tena chumbani kwa mtu, ni ya kufuliwa upya. Nilizihesabu: sita.

Mimi doa lile nalijua. Nilijua tangu alipolinyanyua. Ni losheni yake ya jua.

Losheni nyingi za jua zina kitu kinachoitwa avobenzoni. Kitambaa kikiwa kikavu hukioni, labda unjano hafifu na mguso wa mafuta. Kikikutana na maji yenye chuma, na maji yetu ya kufulia ni ya kisima yenye chuma, kinageuka rangi ya kutu. Ukiona doa ukakimbilia dawa ya klorini, umelimaliza shati, maana klorini inalikoleza. Mzee wa dobi alinifundisha haya mwaka wangu wa kwanza, baada ya mimi kutaka kulowesha shuka nane kwenye klorini nikidhani ninasaidia. Yeye hutumia asidi ya kuondoa kutu, kidogo, amevaa glavu, anasuuza mara nne na kuanika juani.

(Losheni hizi zina mambo mengi. Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, walipiga marufuku zile zenye kemikali zinazodhuru matumbawe kuanzia mwaka 2020, na Hawaii wakazuia kuuzwa kwa zenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia 2021. Hizo ni kemikali nyingine, si hii ya doa. Ninazitaja kwa sababu mgeni anayeuliza kwa nini losheni fulani haziruhusiwi mahali fulani hunifurahisha sana. Huyo ameiona bahari.)

Sasa, kulijua doa ni jambo moja, kuruhusiwa kulisema ni jingine. Kanuni yetu ni kwamba mgeni hasahihishwi mbele ya watu. Kwa hiyo nilisimama. Jua la saa nne na nusu linachoma, mikono nimeifumbata mbele, nasema samahani ya tatu, ya nne. Mkewe akatoka barazani akamwambia kitu kwa upole, akamjibu kwa ukali. Msimamizi akaja, naye akaanza samahani zake upya kutoka mwanzo, na mgeni akaanza hadithi upya kutoka mwanzo. Meneja wa zamu akaitwa. Hadithi ikaanza tena. Chumba cha kwanza kilikuwa kinanisubiri, cha pili wageni wake walikuwa bado hawajatoka, na mimi siwezi kuondoka kwa sababu kila anapofika pa "huyu hapa" ananionyesha kwa kidole.

Halafu akasema neno ambalo nimelibeba hadi sasa hivi ninapoandika: "Hawa watu hawajui kufua hata shati."

Nilimwomba msimamizi ruhusa kwa macho. Nikamwambia mgeni: "Bwana, naomba muda wa saa nane. Shati lako litarudi jeupe kabla ya chakula cha usiku. Nitalileta mimi." Msimamizi alinitazama kama nimeahidi kuhamisha kisiwa. Ilikuwa saa 5:05. Dakika zangu 15 zilikuwa zimekwisha mara tatu.

Nilikimbia na shati hadi kwa dobi. Mzee aliligeuza ukosi mara moja tu, akalinusa. "Losheni," akasema. "Wamelipitisha klorini?" Nikamwambia sijui. Akanyamaza. Akaliweka juu ya meza ya mbao, akachovya kijiti chenye pamba kwenye asidi, akaanza kugusa doa kwa kidotokidoto, kutoka pembeni kwenda katikati ili lisitambae. Nilitakiwa niondoke, lakini nilibaki dakika nzima natazama. Rangi ya chungwa ilififia ikawa manjano, manjano ikawa kama maji ya chai iliyomwagwa. Hakuinua kichwa. "Nenda kwenye vyumba vyako, mwanangu. Hili niachie."

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Nakumbuka vitanda. Unavua shuka, unatikisa, unaangalia chini ya godoro, unaangalia nyuma ya kitanda, unapata chaja, unapata kiatu cha mtoto. Unatandika ya chini, unakunja pembe, unavuta mpaka ikae kama ngozi ya ngoma. Foronya nne. Chandarua unakisuka na kukifunga fundo. Vioo vina utando wa chumvi kila siku hata mtu asiviguse, kwa sababu upepo wenyewe una chumvi. Dada wa njia ya chini alimaliza vyake akaja kunivulia vitanda viwili bila kuombwa. Sikula mchana. Chumba cha nne nilikitoka saa 8:10, maharusi wamekaa mapokezi na mabegi, na cha tano saa 9 kasoro. Walioingia hicho cha tano wakasema, "Kumbe kiko tayari!" wakajitupa kitandani na viatu. Nilifurahi, kusema kweli. Mtu akijitupa kitandani hivyo maana yake amekiona kitanda.

Vitatu vilivyobaki vya wanaokaa, nilivifanya. Magoti yalikuwa yanauma kiasi kwamba kwenye bafu la mwisho nilidekia nimekaa chini.

Shati lilikuja mikononi mwangu saa 10 na nusu jioni. Mzee alikuwa amelipiga pasi mwenyewe, halafu akanionyesha kwenye mwanga wa dirisha. Jeupe. Chini ya kwapa la kushoto kuna kivuli kidogo ambacho wewe usiyejua usingekiona. "Waambie wasilifue tena na klorini," akasema, akarudi kwenye shuka zake. Kila kitanda kina seti tatu, moja imetandikwa, moja iko stoo, moja iko mikononi mwake, na kisiwa kizima kinapita pale kwa mzee huyo mmoja na vijana wake wawili.

Nikagonga chumba cha 14. Mgeni akalipokea, akaliinua kwenye mwanga wa mlango, akakagua ukosi, akakagua kwapa la kulia, la kushoto. Nikashika pumzi. Akasema, "Sawa," akafunga mlango.

Walipokwenda mezani niliingia kufanya huduma ya jioni. Mapazia, taa ndogo, chandarua nikakishusha na kukichomeka chini ya godoro pande zote nne. Barazani chupa ya losheni ilikuwa imelala juu ya taulo jeupe, kifuniko wazi, imevuja duara la ukubwa wa kiganja. Nilikifunga kifuniko, nikaisimamisha chupa kwenye sinia la mbao. Taulo nikalikunja peke yake, nikalifunga fundo ukingoni. Fundo ni alama yetu na dobi: hili lisiguse klorini.

Boti ya kurudi, maji yamekupwa tena, mapajani. Nyuma yetu taa za meza za ufukweni zilikuwa zinawaka, na kwenye moja niliona shati jeupe, nikamwonyesha dada wa njia ya chini kwa kidevu kwa sababu mikono yetu ilikuwa imeshika viatu. Mwezi ulikuwa unatoka majini, mwekundu, umeanza kumegeka ukingoni.

Kesho maji yatapwa karibu dakika 50 baada ya saa ya leo. Boti huenda ikasogea zaidi asubuhi, na nikibahatika nitalowa hadi magotini tu. Karatasi ya kesho nimeshaiona: vyumba 12, vinne wanatoka. Cha 14 wanakaa.