Nairobi Kupitia Jicho la Tupac

Dar hadi Nairobi kwa basi sitaisimulia. Magoti yanauma mpaka leo, na pale Namanga niliuziwa chai kwa bei ya supu. Yaliyonipata ni ya jioni ya pili, katikati ya mji, mvua inanyesha, natafuta matatu ya Umoja niende kwa shangazi.

Likaja basi limechorwa Tupac ubavu mzima. Nilisogea karibu nikasahau mvua. Kila tone la jasho kwenye paji lake lina nukta nyeupe, na kivuli cha shavu kimepulizwa kama moshi, huoni alama ya brashi. Mbele ya mlango mchezaji wa Arsenal, nyuma Mandela anatabasamu juu ya mstari wa Zaburi. Kibao sikukisoma.

"Sister, ingia, tunatoka saa hii!" Makanga alishabeba begi langu. Nikalifuata begi.

Ndani taa za buluu, muziki wa kutikisa meno. Kiti changu kiliangukia kwenye jicho la Tupac: kioo kimebandikwa stika ya vitundu vidogo, nje mji wote umekuwa ukungu wa taa. Nauli? Mia mbili. Nikamwambia jana ilikuwa mia. "Mvua, sister," akasema, kana kwamba mvua ni ya kwake.

Tulikwama kwenye foleni, na mama wa kiti cha pili akawa ananipa historia kwa kupiga kelele sikioni. Kumbe matatu zilizochorwa hivi wenyewe huziita nganya, na vijana huacha magari kadhaa yapite wakisubiri wanalolipenda. Ndiyo maana mwenye gari hakubali kupitwa kwa picha. Zilipokuja sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, mwaka 2004, matatu zikapigwa mstari wa manjano na michoro ikabanwa, hadi 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliposema vijana waachwe wachore.

Katikati ya somo nikaona, kupitia vitundu, ndege ndogo inatua.

"Mama, Umoja kuna uwanja wa ndege?"

Akanitazama. "Kwani wewe unaenda wapi, mama? Hiyo ni Wilson. Hii ni ya Rongai!"

Umoja ni mashariki, tulikuwa tunakata kusini-magharibi. Nilishushwa kwenye matope, mia mbili hazikurudi, na shangazi alicheka kwenye simu mpaka salio likaisha.

Nikisubiri gari la kurudi nilizikumbuka daladala zetu, ambazo siku zote nimeziona hazina sura. Mstari wa rangi ubavuni, Mbagala–Kariakoo mbele, basi. Sisi utundu wetu tunaumwaga kwenye kioo cha nyuma, kwa maneno, kama khanga: mwenye wivu ajinyonge. Wao wanachora nyuso. Lakini kwetu hata mgeni wa jana hapotei. Niliwaza hivyo kwa hasira, na hasira haikudumu, maana kila nganya iliyopita niliigeukia.

Kesho yake, mchana, nikamwona Tupac wangu kwenye foleni. Makanga ananing'inia mlangoni, akanitambua: "Mtanzania! Leo twende Rongai?"

Nikakataa kwa mkono, macho yakiwa kwenye lile jicho. Nyuma yake kulikuwa na kidole cha mtu kinafuta mvuke, kinahangaika kutafuta pa kuonea nje.