Lengo la Halmashauri Lianzie Darasa la Pili

Mwanzoni mwa kila mwaka, halmashauri nyingi nchini Tanzania huitisha kikao cha tathmini ya elimu. Walimu wakuu, maafisa elimu kata na madiwani huketi ukumbini kutazama jedwali la ufaulu, na kabla ya chakula cha mchana lengo la mwaka huwa limekwishatangazwa: kupandisha ufaulu kutoka asilimia fulani hadi asilimia fulani. Nimekaa katika vikao hivyo kwa miaka mingi nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, na kinachonisumbua ni kwamba lengo la namna hiyo halimwelezi mwalimu abadilishe nini katika kipindi chake.

Mipaka ya madaraka ya halmashauri inajulikana. Mitaala huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, mitihani ya taifa hutungwa na Baraza la Mitihani, na shule zenyewe husimamiwa na halmashauri chini ya TAMISEMI, yaani wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kwa hiyo afisa elimu wa wilaya hana uwezo wa kuongeza wala kupunguza mada hata moja katika muhtasari wa somo. Anachoweza ni kuamua mwalimu yupi aende shule ipi, nani amtembelee darasani, mafunzo kazini yafanyike namna gani, na fedha kidogo za mapato ya ndani ziende wapi. Lengo la ufundishaji lisilogusa lolote kati ya hayo ni tamko tu, hata likipigiwa makofi.

Tulikwishaona asilimia inavyofanya kazi inapoachwa peke yake. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza mwaka 2013, uliweka shabaha ya ufaulu wa asilimia 60 mwaka huo, 70 mwaka 2014 na 80 mwaka 2015, na shule zikapangwa hadharani kwa nafasi na kupewa rangi ya kijani, njano au nyekundu. Watafiti waliofuatilia jambo hili baadaye walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli, lakini pia idadi ya wanafunzi wao waliofikia kufanya mtihani wa Darasa la VII ilipungua. Asiyeijua shule atashangaa. Mwalimu hashangai, kwa sababu asilimia hupanda ama watoto wakifaulu zaidi, ama wale wasiotarajiwa kufaulu wasipoonekana siku ya mtihani.

Naona lengo la kwanza la halmashauri lingehusu kusoma, na lipimwe mwishoni mwa Darasa la II. Tangu mwaka 2015, madarasa mawili ya mwanzo yana mtaala uliojikita katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kwa hiyo msingi wa kisera upo tayari. Tatizo ni kwamba udhaifu wa kusoma hujificha vizuri mno katika darasa lenye watoto wengi. Katika darasa moja nililoingia, mtoto wa dawati la mbele alisoma ubaoni “Juma anacheza mpira uwanjani” bila kukwama, kidole kikifuata kila neno. Nilipofuta mengine yote nikabakiza “mpira”, alinyamaza, kisha akaanza kwa sauti ya chini, “Juma anacheza…”, mpaka akalifikia. Alikuwa amekariri wimbo wa darasa zima, na hakuna jedwali la ukumbini ambalo lingeonyesha hivyo hadi Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, yaani miaka miwili baadaye.

Kipimo cha aina hiyo mwalimu mkuu anaweza kukifanya mwenyewe kila muhula, kwa aya fupi ambayo watoto hawajaiona na mtoto mmoja mmoja akisoma, bila kusubiri matokeo ya Baraza. Kikishafanyika, maswali ya halmashauri hubadilika: kwa nini walimu wenye uzoefu hupelekwa Darasa la VII na mgeni kazini akaachiwa Darasa la I? Je, jumuiya za kujifunza za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) hujadili hao watoto wasiosoma, au hukutana ili muhtasari wa kikao upatikane na faili lijae? Kuhusu kambi za kitaaluma na mitihani ya moko, yaani ya majaribio kabla ya ile ya taifa, sina mengi ya kusema, maana hazihitaji lengo. Hufanyika hata zisipoagizwa.

Mtaala ulioboreshwa ulioanza Januari 2024 unafanya jambo hili kuwa la haraka zaidi. Walioanza nao wakiwa Darasa la III wanatakiwa kuhitimu Darasa la VI mwaka 2027, pamoja na wenzao waliowatangulia ambao, kwa mtaala wa zamani, wanamalizia Darasa la VII, na halmashauri zitatakiwa kuwa na vyumba vya Kidato cha I kwa makundi mawili kwa pamoja. Vyumba ni vya lazima. Hofu yangu ni kwamba ujenzi utameza bajeti nzima, ilhali mafuta ya pikipiki ya afisa elimu kata, ambayo ndiyo humfikisha darasani kumsikiliza mtoto akisoma, yanagharimu sehemu ndogo tu ya chumba kimoja. Kifungu chake kiombwe mapema na kwa jina lake, kabla Baraza la Madiwani halijaketi kupitisha bajeti.