Mtafiti mchanga unayetamani TV, anzia redio ya huku huku Mbeya

Wadogo zangu wanaomaliza masta, wa chuo cha Mkwawa Iringa, wa MUST (chuo cha sayansi na teknolojia cha Mbeya), na hawa tunaokutana nao mashambani huku Uyole, siku hizi wananiuliza swali hilo hilo: dada, hivi mtu anaingiaje kwenye TV? Na sio kwamba wamechoka na utafiti, wanaupenda, ila wanaona kazi ya miaka inaishia kwenye tisisi (tasnifu) iliyowekwa maktaba huku mkulima wa Ilembo anaendelea kununua dawa isiyomsaidia. Mi nawaambia ingieni, na ingieni sasa hivi mkiwa bado wachanga, ila msianze kwa kutuma klipu Dar. Anzeni na redio ya mkoani, tena kile kipindi ambacho watu wanapiga simu.

Kwa nini redio na kwa nini simu? Kwa sababu kule unaulizwa. Mi natafiti magonjwa ya viazi mviringo, na viazi ndo maisha ya watu wengi huku nyanda za juu kusini, kuanzia Umalila mpaka Makete na Njombe. Siku moja tuko laivu akapiga mzee mmoja, tukasalimiana, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, alafu akasema viazi vyake vinanyauka mchana na majani bado ya kijani kabisa, amepiga dawa ya ukungu mpaka hela imekata, sasa nimwambie apige ipi. Yani hapo prodyuza anakuangalia, mtangazaji anakuangalia, na mzee anasubiri jina la dawa. Na dawa haipo, maana dalili alizotaja sio za ukungu, ni za mnyauko bakteria, na dawa za ukungu haziponyi mnyauko huo.

Nikamwambia mzee asimame hapo hapo kupiga dawa, kesho asubuhi akate shina la mche unaonyauka karibu na udongo, aliweke kwenye glasi ya maji safi ncha iliyokatwa iguse maji, asiitikise, asubiri dakika chache tu. Akiona uzi mweupe wa maziwa maziwa unashuka toka kwenye shina basi ni bakteria huyo. Aing'oe ile miche pamoja na viazi vyake aiondoe shambani, asichukue mbegu humo, na misimu kadhaa apande mahindi au ngano. Nikaona nimejibu vizuri. Akaingia mama mmoja kwenye laini, akasema mtaalamu nimekusikia ila shamba langu ni hilo hilo moja, nisipopanda viazi ada ya watoto nalipa na nini?

Hilo swali hakuna jarida lililowahi kuniuliza. Nilimwambia ukweli kwamba kwa mtu mwenye kipande kimoja sina jibu zuri bado, kisha nikarudi nalo ofisini, na sasa hivi dodoso langu lina maswali ya ukubwa wa shamba na kipande gani mtu anamudu kukipumzisha. Kwahiyo mtu akikuambia media inakutoa kwenye utafiti mwambie inategemea media gani, mimi ile simu imenirudisha kwenye utafiti nikiwa na swali bora zaidi.

TV ni kitu kingine na naitaka pia, sifichi. Lile jaribio la glasi limeumbwa kwa ajili ya kamera, ukiweka kitambaa cheusi nyuma ya glasi na kameramani akasogea karibu mtu wa Kikondo anaona kila kitu bila maelezo mengi. Ila kwenye TV mara nyingi unahojiwa nusu saa wanatumia sentensi mbili, na anayezichagua sio wewe, na anayekuangalia hawezi kukuambia hapo hapo kwamba hajaelewa. Mtu aliyeshaulizwa na wakulima hewani anajua sentensi zipi mbili ni za kusema. Na kwa wadada niseme wazi, kuna watu watakuongelea vipodozi na nguo kabla hawajakuuliza mada yako ni ipi, hao rudi nao kwenye mada, na wasipokuja huko achana nao.

Hata Uingereza kuna njia iliyopita redioni. BBC Radio 3 na baraza lao la utafiti wa sanaa na masomo ya utu walianzisha mpango wa kuchagua watafiti wachanga na kuwasaidia kuandaa vipindi, na hawakutafuta watu maarufu, walitafuta mtu mwenye kitu anachokijua kwa undani. Na hata aliyepitia TV moja kwa moja, Alice Roberts, mtangazaji wa vipindi vya sayansi huko huko, alikuwa daktari anayefundisha anatomia Chuo Kikuu cha Bristol, TV walimwita kwa sababu anajua mifupa, na PhD yake aliimaliza 2008 watu wameshamzoea kwenye kioo. Yani aliitwa kwa ajili ya mifupa kwanza, utangazaji ukafuata.

Sasa huku kwetu nani anasimulia? Angalia kipunji, kima wa msitu wa Rungwe. Wanasayansi walimwona 2003, wakamtangaza duniani 2005, na 2006 ikathibitika ni jenasi mpya, yani kundi jipya kabisa la spishi, ya kwanza ya kima Afrika kupatikana baada ya miaka 83. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wanamfahamu kabla. Lakini muulize kijana wa Tukuyu kama amewahi kusikia habari hiyo kwa Kiswahili kutoka kwa mtafiti aliyepanda ule mlima mwenyewe. Inaniuma sana hii.

Supavaiza wako atakuambia upandaji cheo unahesabu machapisho sio vipindi, na hapo ana hoja, kwahiyo usiache kuandika. Omba ruhusa ya taasisi kwa maandishi, matokeo ambayo hayajachapishwa usiyamwage hewani bila kukubaliana na wenzako, na ukitaja takwimu za nchi jua zimetoka wapi, maana Sheria ya Takwimu ilibanwa sana 2018 kabla ya kulegezwa 2019 na wakubwa wengi bado wana wasiwasi. Hela usitegemee, mgeni wa redio mara nyingi anajilipia hata nauli ya bajaji.

Ukienda redioni usianzie kwa meneja, ulizia prodyuza wa kipindi cha kilimo au cha afya, mpelekee mada moja tu sio CV, na iwe mada ya msimu. Ya mbegu safi za viazi ipeleke Septemba au Oktoba kabla mvua hazijaanza, ukiipeleka Januari watu wameshapanda na utakuwa unawaambia walichokosea wakati hawawezi tena kukirekebisha.