Siku moja na lenzi za baba mdogo, Igombe mpaka Makoroboi

Saa 10:40 alfajiri

Kirumba, hapa Mwanza, kimya. Pale kona kuna boda mmoja tu, kajilaza juu ya pikipiki yake kama yuko kitandani kwao. Nikamgusa bega. "Igombe? Buku tano, bosi." Tukaelewana kwa elfu nne, akawasha huku akipiga miayo.

Mfukoni nina kamera moja, lenzi tatu, betri mbili na kitambaa. Kamera ni Leica M Typ 240, nimeinunua mtumba, imechubuka kila kona. Kila anayeiona huniuliza kama mkanda wake bado unapatikana. Ni ya dijitali, ila haina otofokasi: unazungusha lenzi kwa kidole, na ukikosea umekosea mwenyewe. Lenzi mbili zilikuwa za baba mdogo, aliyekuwa na studio enzi za picha nyeusi na nyeupe. Moja ni Jupiter-8 ya Kirusi, milimita 50. Ya pili ni Nikkor, lenzi ya Nikon, ya milimita 105. Hakuna hata moja kati yake iliyotengenezewa kamera hii, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuzisuluhisha.

Saa 12:20 asubuhi

Igombe. "Mwangaluka!" Ndiyo salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Mitumbwi ya dagaa inarudi, maana tuko kwenye kiza, na dagaa wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika. Mwanga bado mdogo, kwa hiyo nimefunga ile lenzi ya milimita 35, ambayo haina ugomvi na kamera, na ninatumia kitundu cha kutazamia.

Kwa asiyeijua renjifainda, yaani kipimo cha fokasi kilichomo kwenye kitundu hicho: ukichungulia, katikati kuna kamraba kadogo kenye mwanga, na ndani yake unaona picha ya pili imekaa juu ya ile ya kwanza. Ukizungusha lenzi, ile ya pili inasogea kushoto au kulia. Zikilaliana, fokasi imekaa. Ubaya wake ni kwamba inasogea kwa mlalo tu. Sasa ziwani kuna nini? Ubavu wa mtumbwi ni mlalo, mstari wa maji ni mlalo, mawimbi ni mlalo. Unazungusha mpaka kidole kinachoka na mraba haukwambii kitu.

Leo nimelenga kasia aliloshika kijana mmoja wima mbele ya mtumbwi. Pasipo na kasia naigeuza kamera wima, napata fokasi kwa ule ubavu wa mtumbwi, halafu nairudisha kulala na kupiga. Sekunde mbili. Mwanzoni nilifanya hivi kwa aibu, watu wakidhani nimeshindwa kuishika kamera.

Saa 1:30

Jua limetoka nyuma yetu, akina mama wanaanika dagaa. Hapa nataka Nikkor, niwapate mikono na nyuso bila kuwakanyagia mali.

Nikkor hii ilizaliwa kukaa milimita 46.5 kutoka kwenye filamu. Leica M inataka 27.8. Pengo la milimita 18.7 linazibwa na adapta, pete ya chuma tupu isiyo na kioo ndani. Ila lenzi haina ule ukingo unaosukuma kale kamkono ka renjifainda ndani ya kamera, kwa hiyo kamraba kamekufa: zungusha utakavyo, hakasogei. Inabidi uangalie kwenye skrini ya nyuma. Bahati nzuri hii ndiyo Leica M ya kwanza kuweza hivyo. M8 ya mwaka 2006 na M9 ya 2009 hazikuwa na uwezo huo, na lenzi kama hii ungeifokasi kwa kukisia.

Jua la Igombe likipiga skrini huoni kitu zaidi ya pua yako. Kitambaa changu kidogo. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa kwa fagio akaniangalia nikihangaika, akajifungua kanga ya mabegani. "Shika mwanangu, jifunike, utapofuka." Nikajifunika kichwa na kamera. Humo ndani, kwa mwanga unaopenya kitambaani, nasoma maandishi kinyumenyume: *Usisafirie nyota ya mwenzio*. Na mimi nina lenzi ya Kijapani kwenye kamera ya Kijerumani.

Kamera ina msaada mmoja ambao watu wanausifu sana: penye fokasi pana mistari myekundu kwenye kingo. Kwenye uso wa mtu unasaidia. Kwenye dagaa ni balaa. Mistari ile haipimi ukali, inatafuta mahali mwanga na giza vinapokutana ghafla, na dagaa mbichi juani ni maelfu ya vioo vidogo. Skrini nzima ikawaka nyekundu kama mkaa. Ukiamini, unaondoka umefurahi, unafika nyumbani huna picha.

Kwa hiyo nabonyeza kitufe cha mbele, picha inakuzwa mara 10, natafuta jicho la dagaa mmoja. Mmoja tu. Nazungusha lenzi inapita kidogo, narudisha, inapita upande wa pili, narudisha. Magamba yanakuja, mstari wa ubavuni unakuja, halafu kile kiduara cheusi kinakaa. Hapo ndipo nafyatua. Na adapta yangu ni ya bei rahisi, fupi kwa unywele, kwa hiyo namba za umbali kwenye lenzi zinadanganya: alama ya mbali kabisa inapita mbali yenyewe. Nimeacha kuzisoma.

Nimemrudishia mama kanga yake inanuka jasho langu. Kasema si kitu, inanuka dagaa tayari.

Saa 4 mpaka saa 7

Studio, Makoroboi. Pasipoti saizi kumi na moja, kwa kamera nyingine yenye otofokasi, wala sioni haya. Mtu kaja na haraka zake za kupeleka fomu, hataki kusikia habari za adapta.

Saa 8 mchana

Baada ya ugali na sato alikuja mzee mmoja na mwanawe, wanataka picha ya kutundika sebuleni. "Shikamoo baba." "Marahaba. Usinifanye kijana lakini." Nikaitoa Jupiter.

Hii kamraba kanaifuata, maana ina ule ukingo. Shida yake ni ya ukoo. Warusi walijenga lenzi zao kwa vipimo vya Contax, kamera nyingine ya Kijerumani, ambako lenzi ya "50" ni milimita 52.4 hasa, wakati ya Leica ni 51.6. Mbali huoni tofauti. Mita moja kutoka usoni, tundu la kupitishia mwanga likiwa wazi kabisa kwenye 2, kamraba kanasema jicho na lenzi inapata sikio. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na wazee wengi wenye masikio mazuri sana.

Dawa yangu haina fundi: nalalisha picha juu ya jicho, halafu narudisha mwili nyuma upana wa vidole viwili, nafyatua. Mzee akacheka, "Mbona unanikimbia?" Akacheka hivyo hivyo kwenye picha, na jicho limekaa.

Saa 11:40 jioni

Nimepita barabarani nikienda kuliona jua likizama nyuma ya Bismarck Rock, lile jiwe la ziwani. Machinga wamejaa, hakuna nafasi ya kuzungusha chochote. Lenzi ya 35, tundu limebanwa kwenye 8, umbali kwenye mita 5: kuanzia kama mita mbili na nusu mpaka kule mwisho kunakubalika. Huo ndio msaada wa fokasi ninaoupenda kuliko yote, na umechongwa kwenye chuma.

Pale jiweni sikupiga kitu. Betri ya pili ilishakufa, skrini ya nyuma inazila kama sukari. Nikanunua karanga.

Saa 3 usiku

Kompyuta. Picha 214 za Igombe, zinazofaa 31. Zile nilizoamini mistari myekundu nimezifuta karibu zote. Yule mama aliniachia namba, nikamtumia picha sita WhatsApp. Akajibu kwa sauti, nyuma yake nasikia watoto wanapiga kelele:

"Nzuri mwanangu. Sasa mbona zote sina kanga?"