Siku nzima nyuma ya avoka mmoja: kazi ya darasa, L1 (mwaka wa kwanza wa lisansi) Sheria, Lubumbashi

Mwalimu ametuomba tumhoji avoka (wakili) mmoja na kurekodi sauti yake.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Folda kwanza, chai baadaye. Ndani: barua ya fakulte, nakala mbili kwa kila mlango ninaotaka kubisha, zote zina sahihi na kashe (muhuri), fotokopi ya karte ya mwanafunzi, karatasi moja yenye maswali 8. Nakala ya pili ya barua ndiyo yenye kazi. Ya kwanza inabaki kabine (ofisi ya wakili), ya pili inarudi na wewe ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila huo muhuri, wiki ijayo utakuta sekretari mwingine, atakuambia hakuna barua iliyofika, na hutakuwa na la kujibu. Barua itaje pia muda unaoomba: dakika 40. Ukiandika "muda kidogo", mtu mwenye shughuli anaona nusu siku.

Saa moja na nusu. Basi kutoka Katuba kwenda mjini. Noti ndogo ndogo mfukoni, la sivyo chenji italeta maneno.

Saa mbili na robo. Mlango wa chumba cha tribinali (mahakama). Umebandikwa roli, orodha ya kesi za leo: namba (RC ni kesi ya madai, RP ni ya jinai) na majina ya wanaoshitakiana. Wengi wanaishia hapa na kalamu mkononi, wanatafuta majina ya mawakili, na hayamo. Wakili hasomwi mlangoni, anasikilizwa ndani.

Kuingia hakuhitaji barua. Katiba ya 2006, kifungu cha 20, inasema vikao vya mahakama ni vya wazi, isipokuwa pale majaji wanapoamua kufunga milango. Tribinali ya watoto usiijaribu, ile haina watazamaji. Simu izimwe kabisa. Picha na kurekodi bila ruhusa ya jaji anayeongoza kikao ni njia fupi ya kutolewa nje.

Saa tatu ndiyo saa iliyoandikwa. Kikao kinaanza majaji wakiingia, basi kaa, na uchague benchi la pembeni karibu na mlango. Kwa nini, utaona.

Saa tatu na dakika hamsini. Karani anaita kesi moja moja. Kila ikiitwa, mawakili wanasimama katika toge (joho) nyeusi na kitambaa cheupe shingoni, wanataja jina, baro yao (chama cha mawakili), na wanayemtetea. Hapo naandika vitu vitatu: jina, upande, na kama amesema "loko". Neno hilo dogo linapotosha wanafunzi kila mwaka. Anayesema yuko loko Maître (jina la heshima la wakili) fulani amesimama kwa niaba ya mwingine. Mara nyingi faili ameipokea asubuhi hii. Muulize habari za kazi yake, atakujibu vizuri. Ukimuuliza juu ya kesi ile, unamwaibisha bure.

Saa nne na nusu. Kesi ya saba inaahirishwa. Sababu ni hesabu tu. Mwito lazima umfikie mtu siku 8 kamili kabla ya kikao, na siku ya kuupokea haihesabiwi, wala siku ya kikao. Aliyeupata tarehe 3 haitwi kabla ya tarehe 12. Akiwa mbali inaongezwa siku moja kwa kila kilomita 100. Aliyeshitakiwa katika kesi hii aliupata tarehe 3 na leo ni tarehe 10, hakuja, na hakuna wa kumlaumu.

Huo ndio mwanya. Kabla kesi haijaitwa, wakili ana mteja anayemvuta toge. Baada ya kusimamishwa na swali gumu la jaji, hana moyo wa kuongea na mtu. Lakini kesi ikiahirishwa, asubuhi aliyoitenga imebaki mikononi mwake, kwa dakika kama kumi tu, kabla hajakimbilia chumba kingine. Ndiyo maana ya benchi la karibu na mlango.

Koridoni maneno yawe machache:

"Jambo Maître. Samahani, niko mwanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), L1 Sheria. Naomba dakika 40 zako, nirekodi sauti, juu ya kazi ya avoka, si juu ya kesi. Barua ya fakulte ni hii."

"Mwalimu atatangaza ile sauti fasi yoyote?"

"Hapana Maître. Inabaki mu darasa."

Swali lake ni la haki. Wakili haruhusiwi kujitangaza ili kuvuta wateja, kwa hiyo simu inayorekodi humpa wasiwasi. Mwambie mapema sauti inaishia wapi.

Namba ya simu nimepewa, miadi saa tisa na nusu. Kabla hajaondoka naangalia karte yake: jina la baro na namba yake. Watetezi wa mahakama, defanseri, nao huvaa toge na kuitwa Maître, ila kwa sheria ya 1979 iliyopanga baro wao ni kundi lingine na hawafiki mahakama ya rufaa. Mwalimu akiomba wakili, anataka wakili. Huyu ni stajeri, yumo katika ile miaka miwili ya majaribio, na hilo halimpunguzii kitu: ameshaapa. Kwangu stajeri ni bora kuliko mkubwa wa kabine. Anakumbuka bado alichokuwa hajui.

Saa sita. Kabine mbili za akiba, kama miadi itavunjika. Ya kwanza: "Bosi haiko, rudia kesho." Barua, muhuri, asante mama. Ya pili imefungwa.

Saa nane. Bukari (ugali) na sombe (kisamvu), halafu kalamu. Nafuta swali la 3, "Unieleze kesi uliyo nayo sasa." Linafunga mdomo wa wakili yeyote, maana kutoa siri ya mteja ni kosa la jinai. Naweka: "Mtu akiingia na karatasi ya mwito mkononi, unasoma nini kwanza?"

Saa tisa na nusu. Simu nimeiweka mode ya ndege ili mtu asipige na kukata sauti, juu ya leso iliyokunjwa, maana meza hupitisha kila kidole kinachogonga. Jaribio la dakika moja, nasikiliza, ndipo tunaanza, na ruhusa yake inarekodiwa kwa sauti.

Jibu la swali la 3: anasoma tarehe, mbili. Ya kupokea na ya kikao. Jina la mshitaki linafuata. Kisha anafungua faili moja, amefunika majina kwa kiganja, anionyeshe namba kwenye kona ya kila karatasi. Orodha ya mbele inasema 14, karatasi ziko 13. Ile moja inayokosekana, anasema, upande wa pili utaiona kabla yako. Ameanza kwa Kifaransa, sasa anaongea Kiswahili, nami simrudishi.

Anapotaja kifungu cha siri ya kazi, jenereta ya jirani inawaka.

Saa moja usiku. Dakika 38 za sauti zimekula karibu saa tatu za kuandika. Wateja wamekuwa A, B na C. Pale kwenye jenereta nasikiliza mara nne, hakuna kitu, basi namtumia wakili ujumbe mfupi. Anajibu:

"Code pénal (sheria ya jinai), kitabu cha pili, kifungu 73. Lala muzuri."

Naandika 73.